Je, Wajua? Stelingi, Maksai na Barabara ya Nakivale

Je, wajua kwamba sinema ya mwisho ya mfululizo kutengenezwa na kampuni kubwa ya Hollywood ilihusu njia ya misafara ya magari ya ng'ombe? Inaitwa Blazing the Overland Trail. Kampuni ya Columbia iliitoa mwaka 1956 ikiwa na sehemu 15, na mtayarishaji wake alikuwa Sam Katzman, mzee aliyesifika kwa kubana matumizi kuliko kwa sanaa. Baada ya hapo biashara hiyo ikafa. Televisheni ilikuwa imeshaingia sebuleni kwa watu, na wazazi hawakuona tena sababu ya kutoa kiingilio kila Jumamosi ili mtoto aone dakika 20 za hadithi.

Ubahili wa Katzman wenyewe ni kisa. Vituko vingi vya sinema hiyo, yaani magari yanayofukuzwa na vikosi vya wapanda farasi vinavyotimua vumbi, havikupigwa upya. Vilichukuliwa kutoka mfululizo mwingine wa Columbia, Overland with Kit Carson, wa mwaka 1939. Ili vipande vya zamani na vipya vishikane, stelingi wa 1956 alivalishwa nguo za kufanana na za stelingi wa 1939. Kwa hiyo yule anayeonekana kwa mbali juu ya farasi ni mtu mmoja, na anayeshuka mbele ya kamera ni mtu mwingine, miaka 17 baadaye.

Stelingi hafi

Huku kwetu kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video anaijua sheria hii, na hakuna aliyemfundisha. Adui anaweza kuwa na bunduki kumi, daraja linaweza kukatika, lakini stelingi hafi. Walioijenga sheria hiyo kama biashara ni watengenezaji wa sinema za mfululizo, kuanzia miaka ya 1910.

Mfululizo wa kawaida ulikuwa na sehemu 12 hadi 15, na ukumbi ulionyesha sehemu moja kwa wiki. Kila sehemu iliishia pabaya: gari la turubai linaserereka kuelekea genge, stelingi yumo ndani, amefungwa kamba, gari linatumbukia, na maandishi yanatokea kukuambia urudi wiki ijayo. Ukirudi, unaonyeshwa tukio lile lile tena. Ila safari hii kimeongezwa kipande ambacho wiki iliyopita hakikuwapo: stelingi anajinasua, anaruka, anajiviringisha kwenye nyasi, na gari linaanguka tupu. Watoto waliliona kuwa ni kanyaboya na walilalamika. Jumamosi iliyofuata walikuwa kwenye foleni.

Misafara ya magari ya ng'ombe ilifaa sana kwa kazi hiyo kwa sababu safari ina vipande vyake tayari: mto wa kuvuka, mlima, moto wa nyika, njaa, wezi wa farasi. Universal ilitoa The Indians Are Coming mwaka 1930, mfululizo wake wa kwanza wenye mazungumzo ya kusikika mwanzo hadi mwisho, akicheza Tim McCoy. Mwaka 1939 kampuni hiyo hiyo ikatoa The Oregon Trail, sehemu 15, akicheza Johnny Mack Brown, aliyekuwa nyota wa mpira wa Kimarekani chuoni kabla hajapanda farasi wa sinema.

Kakiika, upande wa kaskazini wa Mbarara, Uganda, iko mbali na hayo yote, lakini mtambo wa hadithi ni ule ule. Mbarara ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na bado kibanda cha video kinajitangaza kama zamani: ubao mweusi kando ya njia, umeandikwa kwa chaki mechi ya jioni, chini yake jina la picha na jina la VJ aliyeitafsiri. Ndani ni mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni kuzuia mwanga, na spika kubwa kuliko televisheni yenyewe. VJ ndiye mwenye mali. VJ Jingo, kwa mfano, amejulikana Uganda nzima kwa kusimulia picha za kigeni kwa Kiganda huku akiongeza chumvi yake. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, na Kenya wana DJ Afro anayetia Kiswahili cha mtaani mdomoni mwa askari wa Kimarekani. Wote hao wana kipaji kimoja ambacho hata Katzman angekilipia: wanajua mahali pa kunyamaza ili mtazamaji ashike pumzi.

Mfugaji wa Ankole angecheka

Katika sinema, msafara ukishambuliwa magari hukimbia. Farasi wanatoa povu, magurudumu yanaruka mawe. Sasa mpeleke mtu aliyekulia na ng'ombe wenye pembe ndefu wa Ankole akaangalie picha hiyo, kisha mweleze kwamba magari mengi halisi ya njia ya Oregon yalikokotwa na maksai. Atakuuliza maksai gani huyo anayekimbia hivyo na mzigo wa karibu tani moja.

Ukweli ni kwamba maksai alipendwa licha ya mwendo wake wa polepole. Alikuwa wa bei nafuu kuliko farasi au baghala, alishiba nyasi za njiani, hakuibwa kwa urahisi, na njaa ikizidi aliliwa. Alitembea kama kilomita tatu kwa saa. Msafara ukienda vizuri ulimaliza kama kilomita 24 kwa siku, na njia yenyewe, kutoka mji wa Independence katika jimbo la Missouri hadi bonde la Willamette huko Oregon, ilizidi kilomita 3,200. Ilichukua miezi minne hadi sita. Na watu hawakupanda! Magari hayakuwa na springi na nafasi yote ilijaa unga, nyama ya chumvi, mbegu na vyombo, hivyo mwenye miguu mizima alitembea kandokando, mama na watoto pia. Yule bibi wa sinema anayekaa mbele ya gari na kofia safi miezi yote hiyo ni kazi ya idara ya mavazi.

Na ule mduara maarufu wa magari? Upo katika historia, ila kazi yake ya kila usiku ilikuwa kufanya zizi. Wanyama waliwekwa ndani wasipotee wala kuibwa. Mfugaji yeyote wa Isingiro angefanya hivyo hivyo bila kuangalia picha.

Je, wajua kilichowaua wasafiri?

Hapa ndipo sinema zilipodanganya zaidi, na kwangu huu ndio uongo mmoja usiosameheka. Mtu akitoka kuangalia picha hizo anaamini kwamba njia ya Oregon ilikuwa vita ya miezi sita dhidi ya wenyeji asilia wa Amerika. Mwanahistoria John Unruh alizipekua kumbukumbu za miaka 1840 hadi 1860 akapata wasafiri 362 waliouawa na wenyeji hao, na wenyeji 426 waliouawa na wasafiri. Hao ni katika miaka 20, na katika njia waliyopita watu mamia ya maelfu. Wenyeji wengi walifanya biashara na misafara: waliuza samaki na viazi, waliongoza watu njia, waliwavusha mito kwa malipo.

Muuaji mkubwa alikuwa kipindupindu. Kati ya mwaka 1849 na 1852 kilifuata njia kama abiria, kwa sababu maelfu ya watu walipiga kambi mahali pamoja, wakachimba vyoo vya haraka karibu na maji, na waliokuja nyuma wakachota maji hayo hayo. Mtu alianza kuumwa asubuhi na jioni akazikwa. Wengine walizika katikati ya njia yenyewe, kisha wakapitisha magari juu ya kaburi ili mbwa mwitu wasinuse na wasifukue. Waliokufa maji na watoto walioangukia chini ya magurudumu walikuwa wengi pia, na bunduki za wasafiri wenyewe, zikifyatuka ovyo ndani ya magari, zilifanya madhara yake.

Ukiyasimulia haya kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hakuna atakayeshangaa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kambi ya muda anajua kwamba swali la kwanza ni maji na la pili ni choo. Hollywood haikuweza kuuza tiketi kwa choo, basi ikauza mishale.

Nikiwa hapo hapo, jambo moja dogo: kwenye nyika isiyo na miti, wasafiri walipikia kinyesi kikavu cha nyati wa Amerika. Akina mama walikusanya kwenye aproni zao. Mwanzoni waliona kinyaa, baada ya wiki mbili tatu waligombania vipande vikavu zaidi. Sijaona sinema hata moja iliyompa stelingi kazi hiyo.

Mzee aliyerudi na maksai

Ezra Meeker alipita njia ya Oregon mwaka 1852 akiwa kijana, na mke na mtoto mchanga. Mwaka 1906, akiwa na miaka 75, alikasirika kuona njia inalimwa na kusahauliwa. Akafunga maksai kwenye gari, akaanza safari ya kurudi mashariki akisimamisha mawe ya kumbukumbu njiani. Alifika hadi Washington na kuonana na Rais Theodore Roosevelt mwaka 1907. Mwaka 1924 akairuka njia hiyo kwa ndege ya jeshi, mtu mmoja aliyeipita kwa mguu na kuiona kutoka mawinguni. Alikufa mwaka 1928, akibakiza wiki chache kutimiza miaka 98. Maksai wake wawili, Dave na Dandy, walikaushwa na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Tacoma.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki nayo ilikuwa na msafara wake?

Mwaka 1908 kundi la Makaburu zaidi ya 200, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walipanda meli iitwayo Windhuk kutoka Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, wakateremka Mombasa na magari yao, farasi na vyombo. Treni ikawafikisha Nakuru. Kutoka hapo hapakuwa na reli wala barabara ya kupanda uwanda wa Uasin Gishu. Wakanunua ng'ombe, wakawafundisha kukokota, na mwezi Agosti msafara wa magari 42 ukaanza kupanda. Ulikuwa msimu wa mvua. Walikata njia kwenye msitu wa mianzi, wakatandika magogo kwenye matope, wakafunga ng'ombe wa magari mawili kwenye gari moja ili kulitoa shimoni, kisha wakarudi kuchukua la pili. Walifika Sergoit mwishoni mwa Oktoba. Mji uliokuja kukua karibu na hapo kwenye shamba namba 64 ndio Eldoret.

Ardhi hiyo haikuwa tupu, kama vile Oregon nayo haikuwa tupu. Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza kwa miaka kumi na zaidi, na kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa kwa hila Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani. Miaka mitatu baadaye magari yakapita. Hadithi za msafara mara nyingi huanza siku magari yanapong'oa nanga na kuacha nyuma sura hiyo ya kwanza.

Kaboi wa Kinshasa na Jeke wa Luanshya

Nakivale ina Wakongo wengi, na Wakongo wana historia yao na picha za kaboi. Katika Léopoldville ya miaka ya 1950, Kinshasa ya leo, vijana wa mitaani walimchagua Buffalo Bill kuwa babu yao. Wakajiita Bills. Walivaa jinzi, mashati ya miraba na kitambaa shingoni, wakabuni lugha yao iliyoitwa Hindubill, na wakagawana mitaa ya jiji kana kwamba ni wilaya za Texas. Farasi hawakuwa nao. Padri mmoja wa Kibelgiji, Joseph de Laet, aliyefanya kazi nao, aliishia kuitwa Père Buffalo. Mwanahistoria Ch. Didier Gondola amewaandikia kitabu kizima, Tropical Cowboys, cha mwaka 2016.

Buffalo Bill mwenyewe, kwa jina halisi William Cody, alikuwa ameshakufa tangu Januari 1917. Tena sehemu kubwa ya sifa zake ilikuwa maonyesho: alianzisha sarakasi yake ya Wild West mwaka 1883 na mwaka 1887 akaipeleka London.

Mbali zaidi kusini-mashariki, kwenye mji wa shaba wa Luanshya, Zambia ya leo, mtafiti Hortense Powdermaker alikaa miaka ya 1953 na 1954 akitazama watu wanavyotazama. Wachimba migodi walijaa uwanjani mara kwa mara kuona kaboi kwenye kitambaa cha nje, na kila stelingi, awe nani, waliita Jeke. Walimpigia kelele za kumuonya adui anaponyemelea nyuma. Kazi inayofanywa leo na VJ, wao waliifanya wote kwa pamoja.

La kuchekesha ni kwamba wakati huo huo wataalamu wa sinema wa serikali ya kikoloni, akiwemo William Sellers wa Colonial Film Unit, walishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Kwa hiyo walitengeneza filamu za polepole kuhusu usafi na kilimo. Kabla yao, kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi mwingine wa Waingereza uliokaa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ulipiga filamu za namna hiyo na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Mtu aliyefuata sehemu 15 za adui mwenye ndevu na stelingi mwenye mapacha asipotee hata mara moja ndiye aliyeambiwa hawezi kufuata somo la nzi na choo.

Msafara usio na kamera

Je, wajua kwamba makazi ya Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika? Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko, wengine wakiswaga ng'ombe wao, na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Yako Isingiro, kama kilomita 60 kutoka Mbarara, kwenye eneo la kilomita za mraba 185 kando ya Ziwa Nakivale. Leo yana watu zaidi ya laki mbili: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Mwenye duka Msomali na mteja Mkongo huelewana kwa Kiswahili, kila mmoja na chake.

Mfumo wa Uganda unamfanya mkimbizi afanane na msafiri wa Oregon kuliko anavyofanana na mkaaji wa kambi yenye uzio. Hupewa kipande cha ardhi, turubai, jembe na sufuria, ajenge mwenyewe. Mwaka 2022, mapigano ya Rutshuru, Kongo, yalipowasukuma watu kupitia Bunagana, walipokelewa Nyakabande, Kisoro, kisha wakapakiwa kwenye mabasi ya msafara kuelekea Nakivale. Basi moja, godoro zimekunjwa juu ya magoti, kuku kwenye kikapu, ndoo ya njano ya maji katikati ya miguu, na mlima wa Kabale mbele. Hapo hakuna mshale wala farasi, na mwandishi yeyote wa sinema za mfululizo angejua pa kukata sehemu ya kwanza: mpakani.

Mtu anaweza kusema safari kama hizo si za kutazamwa na watu waliozipitia. Sina hakika. Ramon Film Productions, studio ya Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, inayojulikana pia kama Wakaliwood, ilitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo zisingetosha kununua gurudumu la gari la Columbia, na picha hiyo ikatazamwa dunia nzima na sauti ya VJ Emmie juu yake. Simu inayopiga picha iko mfukoni mwa vijana wengi wa Base Camp, huko Nakivale. Kinachokosekana si teknolojia.

Ya mwisho, kwa anayependa televisheni

Mfululizo wa Wagon Train ulianza NBC mwaka 1957, ukahamia ABC mwaka 1962 na kumalizika 1965 ukiwa na vipindi 284. Ward Bond, aliyeongoza msafara huo, alikufa ghafla Novemba 1960 na msafara ukaendelea bila yeye, jambo ambalo sinema za mfululizo zisingethubutu. Gene Roddenberry alipokuwa akitafuta mnunuzi wa Star Trek mwaka 1964, aliieleza kama Wagon Train ya kwenda kwenye nyota.

Lakini kama una nafasi ya kuangalia moja tu, tafuta The Big Trail ya mwaka 1930, iliyoongozwa na Raoul Walsh. Ilimpa John Wayne nafasi yake ya kwanza ya ustelingi, ikapata hasara kwa sababu ilipigwa kwa filamu pana ambayo kumbi chache ziliweza kuionyesha, na kijana huyo akashushwa hadi kucheza sinema za mfululizo za bei ya chini kabla ya kuinuka tena na Stagecoach mwaka 1939. Tazama kipande ambacho magari, ng'ombe na watu wanateremshwa kwenye genge kwa kamba. Hayo ni magari ya kweli na kamba za kweli, na gari moja linaanguka kweli. Blazing the Overland Trail unaweza kuiacha.